Mfuko Usio na Kwato

Kwa kina mume wangu, jina la kuitana hutoka kwa mnyama. Ukimpa mtu mbuzi, kuanzia siku hiyo mnaacha majina yenu ya kawaida. Unamwita Pakine naye anakuita Pakine, kwa sababu mbuzi kwa Kimaasai ni enkine. Kondoo akipita katikati yenu mnakuwa Paker. Ng'ombe, mnakuwa Pakiteng. Bibi harusi anapofika bomani mara ya kwanza husimama mlangoni na kugoma kuingia mpaka aahidiwe mifugo, na kila anayetoa anapata papo hapo jina la kuitana naye. Mimi nimezaliwa Murang'a, ambako mgeni anaagwa kwa kutiliwa viazi kwenye gunia, kwa hiyo niliupenda sana utaratibu huo. Nilisimama pale mlangoni hadi miguu ikafa ganzi.

Shemeji yangu mkubwa alitoa mbuzi. Wifi yangu akatoa mwanakondoo. Mama mkwe akasema yeye atatoa ng'ombe, maana mama hatoi kitu kidogo, kisha akanishika mkono akaniingiza ndani na wanawake wakashangilia. Huo ulikuwa wakati wa ukame. Ng'ombe wote walikuwa wamepelekwa mbali, upande wa Namanga, kutafuta nyasi. Nikaambiwa wangu atakuja mvua ikinyesha.

Mvua ikanyesha. Barabara yetu ya Kitengela ikageuka uji, jirani akapoteza kiatu humo, na ng'ombe wangu hakuja. Ikanyesha tena msimu uliofuata. Hakuja.

Na bila ng'ombe hakuna jina. Kama ningekuwa na mtoto, mama mkwe angeniita mama fulani na mambo yangeisha, lakini mtoto hakuwa amefika bado. Basi akaniita "nakitok," yaani wewe mwanamke, neno ambalo angeweza kumwitia muuza shanga yeyote wa sokoni Kajiado. Mimi nilimwita "mama," kama ninavyomwita mwenye kibanda cha chapati. Wifi akinipigia simu na kupaza sauti, "Paker!" nilikuwa nafurahi kwa dakika nzima, halafu namkasirikia mama yake. Sitazunguka: iliniuma. Nilijiambia kwamba huyu mama ameniangalia vizuri, akapima, akaamua sistahili hata ndama kilema.

Sababu niliijua, au nilidhani naijua. Mimi ni mtu wa mboga. Siku nisiyokula sukuma wiki naona kama sikula, na mwanawe aliponioa akaanza kula ninachokula. Kila tulipomtembelea, mama mkwe alimshika mkono wa juu akaubonyeza. "Kijana yangu amekonda," alikuwa akisema. "Huyu nakitok anampatia majani kama ndama." Kwake sukuma ni majani, kabeji ni majani, dhania ni majani yenye harufu. Hata karoti, ambayo mtu angedhani imejitetea vya kutosha kwa rangi, ni majani.

Sasa, mimi ni karani wa shule huko Kisaju, na jioni nikifika Kitengela mama mboga wetu huwa amebakiwa na vile ambavyo watu wenye macho wamekataa. Kwa hiyo nanunua mboga za wiki nzima Jumamosi. Shida ni kwamba upepo wa Kitengela unaweza kukausha nguo za mtumba kabla hujamaliza kuzianika, sembuse fungu la spinachi. Friji tunayo, lakini inategemea tokeni za stima na tabia ya stima yenyewe. Jumanne sukuma zilikuwa zimegeuka manjano. Jumatano dhania ilikuwa rojo. Alhamisi nilikuwa nazitupa na kutukana kimoyomoyo, na wakati mwingine kwa sauti.

Hapo ndipo nilipokutana na mifuko. Mama mmoja anayeshona mapazia karibu na kwetu alianza kushona mifuko ya pamba nyeupe yenye kamba mdomoni, mikubwa na midogo, ya kuwekea mboga. Akanieleza namna ya kuitumia. Sukuma usizioshe kwanza. Zipanguse kama zina maji, zitie kwenye mfuko ulioloweshwa na kukamuliwa vizuri, na mfuko ukikauka uloweshe tena. Vitunguu mfuko mkavu, mahali penye hewa, mbali na viazi. Ndizi mbivu usizichanganye na chochote unachotaka kikae, maana zitakiivisha. Lakini avokado ngumu ukiifungia pamoja na ndizi, italainika haraka. Nilinunua mifuko minane. Wiki ya kwanza, Ijumaa ilifika na sukuma zangu bado zinavunjika tap! mkononi, na mimi nikawa mhubiri. Nilihubiri mifuko shuleni, nikaihubiri kanisani kwenye foleni ya chai. Mume wangu aliwahi kufungua friji, akatazama ule mkutano wa vitambaa vyeupe, akaniuliza, "Na mimi nikianza kunyauka, utanitia kwa gani?"

Ndipo mama mkwe akaugua. Presha ilimpanda akiwa nyumbani kwake, kilomita kadhaa nje ya mji wa Kajiado, na daktari akamwambia apunguze nyama na chumvi, ale mboga kwa wingi. Mume wangu akamleta akae nasi hadi kliniki inayofuata. Alikuja na shuka, kibuyu kimoja cha maziwa, na fimbo fupi iliyoungua ikawa nyeusi kwenye ncha, ambayo sikuielewa.

"Takwenya," alinisalimu, nikainamisha kichwa akakigusa.

"Iko," nikaitikia.

"Nakitok, uko mzima?"

Nakitok. Nikaenda kuweka maji ya chai.

Nilipika siku hizo kama mtu anayegombea kiti cha kaunti. Nilipika terere, yaani mchicha, na vitunguu vingi, nikapika kabeji na karoti, managu, yaani mnavu, nikazichemsha na kuzitia maziwa ili zipoteze uchungu. Mama mkwe alikuwa mpole kabisa. Alipokea sahani, akaisifu sahani, kisha akaisogeza taratibu hadi ikafika mbele ya mwanawe. Kisha akaomba chai.

"Mama, daktari alisema," mume wangu alijaribu.

"Daktari ni kijana mzuri," akasema. "Lakini mimi siko mbuzi."

Nilikuwa na hasira na nilikuwa na hofu. Kila asubuhi mume wangu alimpima kwa ile mashine ya mkono, na kila asubuhi alikunja uso. Nilitaka mama huyu ale. Nilitaka apone. Na kwa kuwa mimi si malaika, nilitaka pia ale chakula changu, kwenye meza yangu, halafu aniite kitu.

Jioni moja nilitoka kazini nikakuta moshi unatoka nyuma ya nyumba. Nilikimbia na mkoba wangu nikijua jikoni kumeshika moto. Nikamkuta mama mkwe ameketi juu ya jerikeni, jiko la makaa mbele yake, ile fimbo nyeusi inafuka juu ya makaa, naye ameushika mfuko wangu mmoja mweupe mdomo chini, akiujaza moshi. Mingine mitano ilikuwa imening'inizwa kwenye kamba ya nguo, tayari ina rangi ya chai.

"Mama! Unachoma mifuko yangu!"

"Sichomi. Naosha," alijibu bila kugeuka. "Nakitok, wewe uko na chombo ya chakula na haijawahi kuona moshi. Nimefungua hiyo friji yako nikanusa hizi vitu. Hakuna harufu. Mtu anakula aje kutoka kwa chombo haina harufu?"

Nikaelewa fimbo ile. Ilikuwa oloirien, mzeituni wa porini, ambao kule kwake huchomwa ili kibuyu kipate moshi kabla ya kutiwa maziwa, ili yakae bila kuharibika na yawe na ladha. Miezi minane ya kuhubiri mifuko, na mwongofu wangu wa kwanza wa kweli ndiye huyu, na ameamua kuniongezea sakramenti.

Nilitaka kufoka. Mimi hufoka haraka, waulize nyumbani. Lakini alinisogezea upande wa jerikeni akanipa mfuko wa saba, nami nikaushika juu ya moshi kwa sababu sikujua la kufanya. Kisha akasema, akiangalia makaa:

"Ile ng'ombe yako ilikufa."

Nikamgeukia, mfuko mkononi.

"Ilikuwa mtamba, na doa hapa." Akagusa paji la uso wake. "Nilikuwa nimekuchagulia kabla hujakuja. Ilienda Namanga na zingine. Zilienda nyingi, zikarudi mbili, na hiyo yako haikurudi. Sasa nikuambie nini? Nikupatie mbuzi? Mama apatiane mbuzi kama shemeji? Nikaona haya. Nikasema wacha ninyamaze mpaka nipate ingine. Na sijapata."

Nililia. Moshi ulikuwepo, lakini nisiusingizie. Miaka miwili nilikuwa nimemhesabu mama huyu kuwa mchoyo wa jina, kumbe alikuwa amelibeba kwa aibu, na mimi kwa hasira zangu sikuwahi hata kuuliza ng'ombe wake walikuwa wamerudi wangapi.

"Mama, ungeniambia tu," nikasema.

"Na wewe ungeuliza tu," akasema. Akaugeuza mfuko, akaunusa, akaridhika. "Hii sasa ni chombo."

Mboga nilizonunua Jumamosi iliyofuata ziliingia kwenye mifuko ile. Nikailowesha na kuikamua kama kawaida, na jikoni kote kukanukia kibuyu. Jumatatu nilipokaanga sukuma, mume wangu aliingia akauliza nani ametuletea maziwa lala. Nilipakua. Mama mkwe aliipokea sahani, nami nikaangalia pembeni nisiione ikianza safari yake. Haikusafiri. Alichukua kidogo na ugali, akatafuna. Akachukua tena.

"Majani imekuwa chakula," akatangaza.

Akaomba ya pili. Mimi nilimpakulia hadi fungu la mume wangu, jambo ambalo mume wangu bado analitaja kila tukigombana.

Alikula mboga siku zote zilizobaki. Kliniki ilipofika presha ilikuwa imeshuka, na daktari akampongeza kwa kufuata maagizo. Akampongeza pia kwa kuwa na mkamwana mwema, na mama mkwe akamweleza kwa kirefu habari za moshi, hadi muuguzi akaja kuuliza kama tumemaliza.

Siku ya kuondoka nilimpa mifuko mitatu, imejaa managu, sukuma na karoti. Kwake hakuna friji, kwa hiyo nikamwonyesha: lowesha, kamua, tundika kivulini mahali pepo zinapita. "Upepo iko mingi," akasema. Akaikunja shuka yake juu ya mifuko kana kwamba amebeba mtoto, akapanda gari na mwanawe bila kuniaga kwa neno lolote la pekee. Nilisema sawa. Nilijiambia kwamba nimeshamwelewa, inatosha.

Jioni simu ya mume wangu ikalia. Akasikiliza, akacheka, akaninyooshea. "Anakutaka wewe."

Upande wa pili mama mkwe alikuwa anapiga kelele, kama kawaida ya mtu anayedhani simu husafirisha sauti kwa nguvu za msemaji. Nyuma yake nilisikia watu wengi.

"Pamfuko!" akaita. "Pamfuko, unanisikia?"

Nilikaa chini kwenye kiti cha jikoni. Upande ule watu walikuwa wanacheka hadi wanakohoa, na yeye akawa anawajibu kwa Kimaasai kwamba zawadi ni zawadi, imetoka mkono huu ikaingia mkono huu, nani amesema lazima iwe na kwato?

"Nakusikia, Pamfuko," nikasema.

"Hizi karoti zinakaa wapi? Na mfuko ya majani ama peke yake?"

Nikamwambia peke yake. Akakata simu bila kwaheri.

Mwaka huu mvua ilikuwa nzuri. Tulipoenda kumwona alikuwa anatusubiri nje ya boma akiwa na mtamba mwekundu, mwenye doa jeupe usoni. Jamaa wote walikuwa wamekusanyika kushuhudia deni la bibi harusi likilipwa na jina likibadilika, na shemeji yangu alikuwa ameshaanza kunitania kwa Pakiteng tangu tulipofunga mlango wa gari. Mlangoni kwa mama niliona mifuko mitatu ya rangi ya chai ikicheza kwenye upepo kando ya vibuyu. Kusema kweli, nilishikwa na hofu. Ng'ombe ni ng'ombe, na desturi ni desturi: Pamfuko ingeishia pale.

Mama mkwe akampapasa mtamba shingoni. Akatuangalia sote. Kisha akaninyooshea mkono.

"Pamfuko," akasema, "shika kamba."