Namna Melkiori Alivyomsitiri Mwatime

Mwatime alipofiwa na mumewe Swafwani, miaka minane kabla ya uchaguzi ninaotaka kuusimulia, hakujua ampigie nani simu. Alikuwa Arlington, Texas, na ndugu zake wa damu walikuwa Msambweni. Mtu mmoja msikitini alimpa namba ya mtu, yule akampa ya mwingine, na kufikia adhuhuri ya siku ya pili magari sita yalikuwa yametoka Houston, mwendo wa saa nne, kuja kumzika mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona. Baada ya arobaini Mwatime alizikusanya namba zote zile katika kundi moja la WhatsApp, akaliita Majirani wa Mbali.

Ndiko nilikomfahamia. Mimi naitwa Mwenda, ni Mmeru, naishi Carrollton, karibu na Dallas, na kazi yangu ni ya ofisini. Niliingizwa kundini na mwenzangu wa kazi aliyechoka kuniona nikila chakula cha mchana peke yangu. Tulikuwa watu mia mbili na kitu, Wakenya, Watanzania na Wakongo, Waislamu kwa Wakristo. Mtu akitaka fundi wa gari anayeaminika, anauliza mle. Nani anakwenda uwanja wa ndege, nani ana kiti cha mtoto ambacho hakitumii tena, mwezi umeandama au bado. Mwatime ndiye aliyekuwa msimamizi. Ni mwanamke wa miaka hamsini na saba, mfupi, mwenye sauti nzito, na anafanya kazi katika kituo cha wagonjwa wa figo, akiwaunganisha kwenye mashine za kusafisha damu. Wengi tulimwita Mama Tasnim, kwa jina la bintiye.

Uchaguzi wa rais wa mwaka 2024 ndio uliokuwa wa kwanza kwake kupiga kura Marekani, kwa kuwa uraia aliupata mwaka uliotangulia. Alizifuata kampeni kama mtu anayesomea mtihani. Moyo wake ulikuwa kwa Democrat, na sababu aliisema waziwazi: wagonjwa wake. Aliogopa bima zao zisije zikaguswa. Tena maneno yaliyokuwa yakisemwa juu ya wahamiaji yalimchoma, akayachukulia kama kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetajwa.

Mwezi wa tisa, dereva wa lori wa Sugar Land, pembeni mwa Houston, aitwaye Melkiori, Mtanzania wa Rombo, akaandika kundini kwamba yeye atawapigia Republican. Hakumtukana mtu. Alisema alisubiri miaka tisa ili amlete mkewe kwa njia ya halali, na kwamba nyumba isiyo na komeo mlangoni haimfai hata mgeni anayebisha hodi.

Mwatime aliusoma ujumbe ule akiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, sare bado mwilini, baada ya zamu iliyochukua saa kumi na mbili. Akajibu pale pale: "Kuna watu wakishafika huwasahau waliobaki njiani. Wewe Melkiori ni mmoja wao. Huna haya."

Watu wakashangilia. Nilihesabu madole gumba thelathini na nane chini ya maneno yale, na moja lilikuwa langu. Azizi, mfanyabiashara wa Houston, akataka Melkiori atolewe kundini siku hiyo hiyo.

Baada ya kama saa moja Melkiori akajibu. "Shikamoo dada Mwatime. Pole na kazi. Sijasahau nilikotoka. Ukipata nafasi niulize, nitakueleza. Na mimi ningependa kuisikia sababu yako."

Jibu kama lile hakuna aliyekuwa amejiandaa nalo.

Yaliyofuata Mwatime alinisimulia mwenyewe baadaye. Nyumbani alimwonyesha Tasnim ule ujumbe, na Tasnim akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hakuna haja ya kujisumbua, amfute tu mtu huyo yaishe. Mwatime hakumfuta. Kesho yake asubuhi alimpokea mgonjwa anayemhudumia mara tatu kwa wiki, mzee wa Kizungu aliyezaliwa hapo hapo Texas, ambaye huja amevaa kofia ya chama chake, Republican. Alimfunika blanketi, akamuuliza uvimbe wa mguu u hali gani, akaangalia picha za mbwa wake. Mzee akasema, kama kila siku, kwamba nchi imeharibika na anayejua kuitengeneza ni mmoja tu.

"Hapo tunapishana, bwana," Mwatime akamwambia, kama kila siku. "Lakini usiukunje mkono, sindano itachomoka."

Wakacheka wote wawili. Na akiwa bado ameishika mirija ya mashine, ikamjia kwamba mzee huyu hajui kwao wala jina la mama yake, na bado Mwatime anampa heshima zake zote. Melkiori je? Melkiori alikuwa ndani ya gari la tatu siku ile ya mazishi. Mkristo, hajui hata sala ya maiti inavyosaliwa, alisimama nyuma ya safu ameshika kofia mkononi mpaka kaburi likafukiwa.

Wakati wa mapumziko aliandika kundini: "Nilimwambia Melkiori hana haya mbele ya watu mia mbili, na mbele ya watu mia mbili namwomba radhi. Nilikosea. Mdogo wangu, marahaba. Nakuuliza sasa, nieleze."

Kisha akaweka sharti. Atakayetaka kuzungumza siasa kundini asiandike, arekodi sauti yake. Na kabla ya neno lolote la siasa, amsalimu kwa jina yule anayemjibu, amuulize habari za nyumbani. Wengine tuliona ni mambo ya kizee. Lakini nilipojaribu mwenyewe niligundua kitu. Nilikuwa nimekasirishwa na mama mmoja wa Houston, nikabonyeza kurekodi, nikaanza, "Habari yako dada Everline, watoto hawajambo, mama yako alishatoka hospitali?" Kufika hapo, lile nililotaka kumwambia halikupata tena pa kutokea. Nikalisema kwa namna nyingine.

Melkiori alirekodi dakika kumi na mbili akiwa ameegesha lori lake karibu na mji wa Corsicana. Alieleza jinsi alivyokosa mazishi ya baba yake kwa sababu karatasi zake hazikuwa zimekamilika na alikataa kuvunja sheria. Alieleza namna mtoto wake wa kwanza alivyojifunza kutembea, yeye akimtazama kwenye simu. "Anayepita pembeni simchukii, dada. Naumia tu kwamba foleni niliyosimama mimi inachekwa."

Mwatime naye akajibu. Hakumjibu juu ya mpaka, alimweleza juu ya mgonjwa mmoja aliyepoteza bima akaacha kuja matibabu, na kiti chake kilivyokaa wazi wiki mbili. "Kura yangu inatoka kwenye kiti kile," alisema. Vital, Mkongo wa Dallas aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka kumi na moja, akaongeza yake, kwamba wapo watu ambao foleni yenyewe hawakuonyeshwa. Melkiori akamjibu, "Kaka, hilo sikuwahi kulifikiria. Sijabadilika, lakini nimelisikia."

Sitaki kusema kila mtu alifurahi. Azizi aliondoka na watu kumi na mmoja, akasema Mwatime anamlea nyoka. Mwatime alimpigia mara tatu, hakupokea. Hadi leo hajarudi, na Mwatime bado humwombea.

Katikati ya mwezi wa kumi, siku chache kabla kura za mapema, zile zinazopigwa mbele ya siku yenyewe, hazijaanza, Mwatime alitumiwa tangazo na mtu anayemwamini, naye akalirusha kundini bila kulichunguza. Lilisema kila raia asiyezaliwa Marekani lazima aende kituoni na cheti chake halisi cha uraia, la sivyo atarudishwa na huenda akafunguliwa mashtaka. Alidhani anatuokoa. Sisi tukaingiwa na hofu. Cheti changu kilipotea nilipohama kutoka Irving. Nilimwambia mke wangu, Kerubo, nikaandika na kundini, kwamba mwaka huu nakaa nyumbani. Nilijua wengine sita waliosema vivyo hivyo, na karibu wote walikuwa upande wa Mwatime.

Kesho yake mchana simu ya Mwatime ikalia. Alikuwa Melkiori.

"Shikamoo dada. Uko peke yako?"

"Marahaba. Niko peke yangu. Kuna nini?"

"Ni lile tangazo la vyeti. Nimeangalia kwenye tovuti ya jimbo, halafu nikapiga simu ofisi ya uchaguzi ya kwetu na ya kwenu. Si kweli. Aliyejiandikisha akienda na leseni yake ya udereva, inatosha."

"Mbona hukusema kundini?"

"Nikisema mimi, watasema Melkiori anakukomoa. Na wewe utaaibika bure, maana ulikuwa na nia njema. Sema mwenyewe, dada."

"Melkiori, wewe unajua walioogopa ni wa upande gani?"

"Najua."

"Ungenyamaza tu, kura zetu zingepungua."

"Nataka kushinda, sikufichi," Melkiori alisema. "Lakini sitaki kushinda kwa sababu Mwenda ameogopa kutoka nyumbani kwake."

Mwatime alilifuta lile tangazo, akarekodi sauti. Alisema amewapotosha, akataja vitambulisho vinavyokubalika kimoja kimoja, akatuambia tukahakikishe wenyewe kwa kupiga simu kaunti. Halafu akasema jambo ambalo Melkiori hakumwomba aliseme. "Aliyenizindua ni Melkiori. Alinipigia kando, akanisitiri. Nisingependa msifu uungwana wangu, kumbe ni wake."

Jumatatu ya kwanza ya kura za mapema nilikwenda kupiga yangu Carrollton na leseni mfukoni. Mama aliyekaa mezani aliitazama, akanitazama, akaniambia karibu. Nilipotoka niligundua nimeiminya ile leseni mpaka imeniachia alama kiganjani. Mwatime alipiga yake Arlington, na Tasnim akampiga picha mbali na jengo, ameshika kibandiko wanachopewa waliopiga kura kama mtoto aliyeshinda zawadi shuleni.

Usiku wa matokeo Mwatime alilala mapema kwa kuwa alikuwa na zamu ya alfajiri. Alipomaliza kuswali akafungua simu, akajua kwamba upande wake umeshindwa. Chini ya habari zile kulikuwa na sauti ya Melkiori.

"Shikamoo dada. Umeamkaje? Leo sina neno la siasa. Nakuuliza tu kama umekula."

Alikuwa hajala. Alikaa ndani ya gari nje ya kituo akalia kidogo, akajifuta, akamjibu. "Marahaba mdogo wangu. Hongereni kwa ushindi. Nina huzuni, sitakuficha."

"Usinifiche," Melkiori akajibu.

Asubuhi hiyo mtu mmoja wa upande wa washindi alituma kundini video ya kucheza ngoma. Melkiori alimsalimu kwa jina, akamuuliza habari za mkewe, kisha akamwomba aiondoe. "Tusherehekee majumbani kwetu. Humu ndani kuna watu wamefiwa na tumaini lao, na sisi hatuchezi ngoma penye matanga." Video ikaondolewa. Na Mwatime, alipoingia ndani na kumkuta yule mzee wa kofia ameketi akitabasamu, alimpa hongera kabla hajatafuta mshipa. Mzee akamshika mkono, akamwambia anajua si rahisi kwake. Siku hiyo hakumwambia neno la nchi kuharibika.

Mwezi wa nne uliofuata, Nusra, binti wa kaka yake Mwatime, aliyehamia Marekani baada ya msiba ule, aliolewa Houston. Mwatime nilimpeleka mimi, kwa sababu sote wawili tulikuwa tumealikwa Sugar Land, kwa akina Melkiori, siku iliyofuata harusi. Mkewe, Glory, alitupokea mlangoni. Alikuwa amekwenda mtaa wa Alief kununua nyama ya halali na sufuria mpya ambayo haijapikiwa kitu kingine, na hakusema lolote juu ya hilo. Tuliambiwa na mtoto.

Mwatime na Melkiori hawakukaa hata robo saa kabla hawajaanza kubishana. Mwatime alimuuliza uso kwa uso, "Umejuta?"

"Sijajuta," Melkiori akasema. "Ila yapo mambo mawili yananinyima raha. Nitakwambia tukimaliza kula."

Nilidhani Mwatime atamrukia. Hakumrukia. Alisema tu, "Haya, nitasubiri." Akaweka kijiko chini, akawageukia watoto wawili waliokuwa upande wa pili wa meza.

"Baba yenu," aliwaambia, polepole ili wamwelewe, "alinikuta nimekosea, na kosa langu lilikuwa na faida kwake. Akanirekebisha bila mtu kusikia. Katika umri wangu wote, walionifanyia hivyo nawahesabu kwa vidole. Melkiori, nilikuwa sijakushukuru ana kwa ana. Ahsante."

Melkiori alikuwa anaitazama sahani yake. "Dada, pilau linapoa."

"Na lipoe. Nimesema ahsante."

"Na mimi pia," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimeibeba kifuani tangu Oktoba. "Kura yangu ile, kama si wewe, isingepigwa."

Melkiori akacheka, akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akasema pilipili ya Glory imezidi. Glory akasema hakutia pilipili. Kisha akatuongezea nyama.