Niliipaka Bunduki ya Mkwe Mafuta ya Nazi

Admin, jina langu lifukie. Ningependa na Muheza uifukie, ila bila baridi ya milima yetu kisa hiki hakieleweki.

Nina miaka arobaini na minne, mke mmoja na watoto watatu. Kazi yangu ni kutengeneza cherehani, vitasa na chochote chenye springi. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua vitu vya watu na kubakiwa na skrubu mkononi.

Baba mkwe wangu ana bunduki ya mitutu miwili aliyoirithi kwa babu yake, na kibali chake anacho. Huifyatulia nguruwe pori kuwafukuza. Nguruwe wa kwetu wameshajua kuwa hatuwali, basi huingia kwenye muhogo kama wageni wa harusi. Mwaka jana, mwezi wa nne, sefti yake ikawa nzito. Sefti ni kile kitufe cha juu, shingoni mwa bunduki: ukikirudisha nyuma, hata ukivuta kifyatulio haipigi. Sasa kikawa mara kinakwama, mara kinagoma.

Kisheria ilitakiwa iende kwa fundi wa silaha, Tanga mjini. Mzee akasema, "Nimpelekee mtu baki, nami nina mkwe?"

Hapo ndipo ningesema sijui. Lakini nyie mliooa pwani mwajua, mbele ya mkwe neno "sijui" halina mlango wa kutokea. Shemeji yangu Shaibu (si jina lake), mtoto wa kiume wa pekee wa mzee, alikuwa kakaa pale barazani. Akacheka. "Shemeji, hiyo si cherehani."

Wallahi, kicheko kile ndicho kilichonipa bisibisi mkononi.

Nikaifungua. Ndani nikakuta grisi ya enzi za mkonge, imekuwa lami. Nikaikwangua, nikasafisha kwa mafuta ya taa. Mafuta ya bunduki sina, ya cherehani yamekwisha. Mke wangu alikuwa ametoka kupika mafuta ya nazi, masafi, yananukia. Nikamimina. Kitufe kikateleza kama samaki mkononi. Mzee akakisukuma mbele na nyuma mara kumi, akamwambia Shaibu, "Umeona? Mtu hahitaji cheti." Nikavimba kichwa wiki nzima.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kila mwezi wa saba, asubuhi za baridi, mke wangu huanika chupa yake ya mafuta juani kabla ya kuwapaka watoto, kwa sababu yameganda. Miaka kumi na sita naitazama chupa ile juu ya ukuta. Sikuwahi kuifikiria.

Mwezi wa saba ukaja. Alfajiri moja mzee na Shaibu wakaenda shambani, mzee mbele, Shaibu nyuma na bunduki. Penye mfereji Shaibu akateleza, kidole kikanasa kwenye kifyatulio. Marisau yakamwingia mzee kwenye shavu la mguu.

Nakaa jirani, nikawa wa kwanza kufika. Shaibu akanikimbilia. "Shemeji, nilifunga! Niliirudisha sefti kabla hatujatoka, nilifunga!" Nikatazama. Kitufe kilikuwa nyuma, mahali pake. Majirani wakampakia mzee kwenye bodaboda, nami nikabaki na bunduki. Nikaenda nayo barazani kwangu, nikaifungua.

Mafuta yameganda, meupe. Kitufe kilirudi nyuma, lakini kile chuma cha ndani kinachozuia kilikuwa kimenasa kwenye mafuta hayo, hakikushuka. Shaibu alifunga, ila mafuta yangu hayakumruhusu.

Nikarudishia skrubu. Safari hii haikubaki hata moja.

Saa sita mchana wazee wa ukoo wakanijia. Jua limeshapanda, bunduki ina joto, mafuta yameyeyuka. Mmoja akasema, "Fundi, tuonyeshe." Nikaijaribu mbele yao ikiwa tupu. Sefti ikashika barabara. Nikasema, kwa mdomo wangu huu, "Bunduki nzima. Hapa ni mkono wa mtu."

Kule polisi, mzee aliandikisha kuwa ni ajali. Ya moyoni aliyasemea nyumbani: "Mwanangu kanipiga kwa nyuma. Kachoka kusubiri shamba." Mguu ulipona, anachechemea kidogo. Neno halikupona. Shaibu alihama, sasa yuko Ushongo anachota maji kwenye nyumba za wageni. Mimi naletewa machungwa kila wiki na mzee, debe zima, na salamu: "Mpeni mwanangu wa kweli." Nayala. Matamu, na hilo nalo linaniumiza.

Wiki iliyopita Shaibu alinipigia. Nilidhani ananitukana, nikajiandaa. Akasema taratibu, "Shemeji, wewe ndiye fundi. Niambie kweli. Nilifunga au sikufunga? Maana nimeanza kujishuku. Nalala nikijiuliza, labda kweli nilitaka."

Nikamjibu, "Labda ulisahau, shemeji."

Akanishukuru.

Sasa mzee ameita ukoo Ijumaa hii baada ya sala. Anataka kumwondolea Shaibu radhi mbele ya watu, na shahidi aliyemtaja ni mimi. Mke wangu hajui lolote. Jana kaniuliza kwa nini siku hizi namwambia asinipikie kwa nazi.

Nikisema, namvunjia mzee heshima mbele ya wazee niliowadanganya, na binti yake anaweza kurudi kwao. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa anatoka Ijumaa bila radhi ya baba, naye mwenyewe anaamini anastahili.

Msinitukane sana, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu: nimwendee mzee peke yake kabla ya Ijumaa, au nisimame palepale mbele ya wote, kama nilivyosimama siku ile? Na neno la kwanza niseme lipi?