Firimbi ya saa moja karakanani

Leo mtu amepigwa hadi kutoka damu mbele yangu, na mimi ndiye niliyempeleka pale.

Mnamfahamu Kalenga, niliyekuwa nikimtafutia kazi tangu atoke gereza la Buluo. Nilimpatia nafasi kwenye karakana ya mbao hapa Likasi. Kapita, msimamizi wa kazi, alijua alikotoka. Wafanyakazi hawakujua.

Saa moja kamili kapita akapuliza firimbi ya kuanza kazi.

Kalenga akachuchumaa, mikono kichwani.

Ndivyo walivyohesabiwa kule kila asubuhi kwa firimbi, miaka sita. Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo!

Watu wakacheka. Mutombo, fundi wa msumeno, hakucheka.

"Sitwayen kapita, huyu iko mufungwa ya Buluo! Ataiba bintu yetu!" (Sitwayen ni raia; hapa tunaitana hivyo.)

Akanyakua ubao, akampiga mgongoni, kisha mdomoni. Nilipomshika akanivunja kidole. (Naandika kwa mkono wa kushoto, mnisamehe.)

"Kalenga, jikinge, ndugu yangu!" nikapaza sauti.

Hakushusha mikono. Jino lake lilikuwa kwenye unga wa mbao.

Kapita akaja mbio, akapuliza firimbi kwa nguvu zote, palepale masikioni mwetu.

Ubao ukaanguka.

Mutombo akachuchumaa kando ya Kalenga, mikono kichwani.

Miaka minane yuko karakana ile, na hakuna aliyejua alikotoka.

Kapita akatia firimbi mfukoni, akachukua nyundo, akagonga kipande cha reli.

"Muamuke, basitwayen, bote mubili. Kazi."

Wakainuka, wakashika gogo moja, huku na huku.

Kidole kinaniuma. Niambieni, nimchukie Mutombo au nisimchukie?