Chini ya Mstari wa Maji

Kashindye hawezi kukaa na rangi iliyobaki. Mafundi wenye akili timamu hufunika kopo wakasubiri kazi nyingine. Mama huyu akiona robo kopo ya bluu, macho yanaanza kutafuta watoto. Ndiyo maana siku za mbalamwezi, pale mwaloni Ilemela, ufukweni mitumbwi inapotia nanga, kelele huwa upande wake.

Siku hizo wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, kwa sababu mwezi ukiwaka taa zao hazina kazi. Mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu hushonwa, naye Kashindye hupaka rangi upya na kuandika majina. Zamani alichora mabango ya maduka kule Mabatini: kinyozi, kuku wa kukaanga, mashine ya kusaga. Zikaja picha za kompyuta, wenye maduka wakamkimbia mmoja mmoja bila hata kuaga. Akahamishia brashi ziwani. Mtumbwi, husema, bado haujapata mashine yake.

Watoto wa pale ni wadogo, wale ambao darasa la kwanza bado. Mama zao wakiwa kwenye nyavu, wao huchora mchangani kwa vijiti, wimbi likija linafuta. Hilo lilimkera sana. Alipokuwa na umri wao, kwao Mkolani, alichora ng'ombe kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko uliotoka kupakwa udongo mweupe, na mama yake alimchapa kisawasawa. Lakini mama huyohuyo hakumfuta yule ng'ombe; alikaa ukutani mpaka mvua zikaja. Hiyo ndiyo shule yote ya uchoraji aliyosoma Kashindye.

Basi akaenda kwa Mzee Mashimba. Mwaloni mwenye mtumbwi huitwa tajiri, hata kama suruali yake ina viraka, na Mashimba alikuwa tajiri wa mtumbwi mmoja, Asante Mama. Akamwomba watoto wachore ubavuni. Mashimba alicheka akakataa, mtumbwi wake si daftari. Kashindye akamkumbusha kwamba mtumbwi una mstari: juu ya mstari huonekana, chini yake humezwa na maji. Watoto wapewe chini. Nani ataona, sangara? Tajiri akakuna kidevu, akakubali kwa sharti: tone moja likivuka mstari, kazi imekwisha, ya watoto na ya fundi pia.

Walichora siku nne. Kuku wa miguu mitano, jua lenye masharubu, na kitu ambacho mwenyewe aliapa ni baiskeli. Gladness, wa miaka mitano, binti wa Paulo aliyekuwa mvuvi katika mtumbwi huohuo, alichutama peke yake karibu kabisa na mchanga, akachora bila kusema na mtu.

Siku ya kurudi ziwani wavuvi walishika ubavu wasukume, mara mmoja akaachia. Chini ya mstari palikuwa na mtu: shati jekundu, mdomo wazi, mikono yote miwili juu. Shati lile kila mtu alilijua, maana Paulo alikuwa amelivaa. Hakuna aliyesukuma tena. Mwenzao amewekwa majini kabla hajaingia majini, na mikono juu namna ile, kama anayezama. Nani apande naye? Paulo mwenyewe alijaribu kucheka, ikamshinda, akaenda kukaa juu ya jiwe.

Mashimba akamwita Kashindye, na safari hii hakumwita fundi. Akamwamuru afute picha zote, na mtoto yeyote asionekane tena karibu na mtumbwi.

Kashindye aliona aibu, tena aibu chungu, kwa kuwa kosa lilikuwa lake. Miaka yote hii anapaka mitumbwi, na hilo halikumjia kichwani. Akachukua kopo la kijivu, akachutama mbele ya yule mtu wa shati jekundu, akachovya brashi. Gladness alikuwa amesimama pembeni. Hakulia, na hapo ndipo moyo wa mama wa watu ulipozidi kuuma. Akamuuliza kwa nini alimweka baba yake huku chini.

"Kule juu sifiki, bibi. Na ulisema tusivuke mstari."

"Na hiyo mikono?"

"Ananipungia. Amerudi."

Kashindye akaiweka brashi chini. Akaenda kwa Mashimba, na mbele ya wavuvi wote akarudia alichoambiwa, neno kwa neno, bila kuongeza la kwake, jambo ambalo kwa mtu mwenye mdomo kama wake si dogo. Mashimba aliutazama mtumbwi, akamtazama mtoto.

"Kama amerudi," alisema mwishowe, "basi akae juu."

Paulo akashuka kwenye jiwe. Akambeba binti yake mabegani, akasimama naye mbele ya jina la mtumbwi, na fundi akawapandishia kopo la rangi nyekundu. Huku chini Kashindye alifunika kwa kijivu picha ile moja tu. Kuku, jua na baiskeli aliviacha. Kazi ya juu ilichukua muda, na rangi ilimchuruzikia Paulo masikioni, lakini hakuna aliyemharakisha mtoto. Kisha wakausukuma.

Asubuhi mtumbwi ulipokuwa ukirudi, jina lilikuwa halijasomeka bado, ila doa jekundu lenye mikono juu lilikwisha kuonekana. Gladness akainua yake yote miwili.

Mbalamwezi iliyofuata Mashimba alileta benchi refu, akaliweka ubavuni mwa mtumbwi, akasema ni la wavuvi kupumzikia. Wavuvi hawajalikalia hata siku moja. Limejaa nyayo ndogo za rangi.