Aya Niliyoiruka

Niliendesha basi katika jiji hili la London kwa miaka ishirini na sita. Nilipostaafu, mke wangu akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nikahamia kwenye nyumba za wazee kusini mwa jiji, mwendo wa dakika kumi kwa mguu kutoka madukani Tooting. Ni jengo la ghorofa tatu. Kila mmoja ana chumba chake, jiko lake na bafu lake, halafu kuna sebule kubwa ya wote na bustani kwa nyuma. Tuko kama arobaini. Wanaojua Kiswahili tulikuwa wawili tu: mimi, mtu wa Tanga, na mama mmoja wa Bukavu aliyekaa ghorofa ya kwanza, mlango wa pili kutoka kwenye lifti.

Mama huyu hakusoma Kiingereza. Alikisikia kidogo, cha dukani na cha kwa daktari, lakini maandishi yalimshinda. Kwa hiyo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, jarida la habari za jengo letu likishaingizwa chini ya milango, nilikwenda kwake baada ya chakula cha mchana kumsomea. Mlango tuliuacha wazi, maana hakuna watu wenye midomo kama wazee wasio na kazi. Alinitilia chai ya tangawizi, akaketi na mikono yake mapajani, na mimi nikageuza kila habari kuwa Kiswahili papo hapo, sentensi kwa sentensi.

Alikuwa msikilizaji mgumu. Nikisoma kwamba bwana wa ghorofa ya chini ameshinda mashindano ya nyanya, aliuliza, "Nani aliona akizipanda?" Nikisoma kwamba bibi fulani ametimiza miaka tisini, alisema, "Mwaka jana pia alikuwa tisini." Tulicheka sana katika miaka mitatu ile. Nilikuja kugundua kwamba naingojea Ijumaa hiyo kuliko siku nyingine yoyote ya mwezi.

Mwezi wa saba jarida lilikuwa nene. Kiangazi ndicho kipindi chetu cha shughuli. Kulikuwa na bingo mara mbili kwa wiki, mchezo wa kuviringisha mipira kwenye majani, safari ya baharini iliyopangwa mwezi wa nane, na fundi wa vifaa vya masikio aliyekuwa anakuja Jumanne. Joto lilikuwa kali siku hiyo. Madirisha yote yalikuwa wazi na bado shati lilinigandia mgongoni. Kabla sijaanza kusoma, mama aliniambia habari zake mwenyewe. Mwanawe, aliyehamia mji wa kaskazini miaka miwili nyuma, angekuja kumchukua.

"Naenda kuona bajukuu," alisema. "Wiki mbili tu. Halafu narudi."

Nikamwambia ni vizuri, nikaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza ukaisha. Wa pili nao ukakaribia kuisha. Chini kabisa palikuwa na aya fupi ndani ya kisanduku kilichozungushiwa maua, na mimi, kama kawaida yangu, macho yalikuwa yametangulia mbele ya mdomo. Iliandikwa kwamba kwa huzuni tunamuaga jirani yetu wa chumba namba kumi na nne, anayehamia kaskazini moja kwa moja kuishi karibu na mwanawe, na kwamba wote tunakaribishwa kwenye chai ya bustanini Jumamosi ya wiki ijayo, tumtakie maisha mema.

Chumba namba kumi na nne ndicho tulichokuwa tumeketi.

Nilikohoa, nikanywa chai ingawa ilikuwa ya moto. Yeye alikuwa ananitazama, anangoja.

"Na Jumamosi ya wiki ijayo kuna chai ya bustanini," nikasema. "Wote tunaalikwa. Basi, yameisha."

Akainama, akaweka kidole juu ya kile kisanduku. "Na hapa? Hapa kuna maua."

"Ni mambo ya takataka," nikasema. "Tutenganishe chupa na karatasi."

Akaridhika. Nikaaga mapema kuliko siku zote.

Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja wetu, mwanamke mpole ambaye ofisi yake iko karibu na mlango mkuu. Nilimuuliza kijuujuu, kama mtu anayedadisi tu, juu ya jirani yangu anayehama. Akasema naye amesikitika, lakini mama amefurahi mno kuwa karibu na familia. Mwanawe ndiye aliyeeleza yote, na barua ya kukirudisha chumba mama mwenyewe ameitia sahihi. Gari la vyombo lingekuja Jumatatu baada ya sherehe. Nilisimama pale na mkono kwenye kitasa. Ningeweza kusema neno moja tu. Sikulisema. Nilijiambia kwamba ni mambo ya mama na mwanawe, na mimi ni mtu wa pembeni.

Jumapili yule mwana alikuja kumtembelea mama yake. Nilimngoja chini kwenye maegesho. Ni mtu wa makamo sasa, msimamizi wa wafanya usafi hospitalini. Alikuja nchi hii akiwa bado mdogo, na Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Nilimuuliza kama mama yake anajua anahama.

Alitazama juu kwenye dirisha la mama kabla ya kujibu.

"Anko, tafadhali," akasema. "Nikimwambia sasa atakataa. Akishafika, akiona chumba kizuri na watoto wapo, atatulia. Mwezi wa tano alisahau sufuria jikoni mpaka moshi ukajaa kwenye korido. Mimi niko mbali, mwendo wa saa nne kwa gari. Simu ikilia nikiwa kazini, moyo unasimama."

"Na ile sahihi?"

"Nilimwambia ni karatasi za safari."

Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Akaniomba ninyamaze mpaka Jumatatu. Sikumjibu ndiyo, sikumjibu hapana. Nilimgusa tu begani, na najua alichoelewa.

Siku zilizofuata sikuweza kukaa sebuleni. Kadi ya kuaga ilikuwa inazunguka ndani ya bahasha kubwa, kila mtu akitia sahihi, na mama mwenyewe akiwa meza ya pili anacheza bingo. Bibi mmoja alimshika mkono akamwambia atamkosa sana, na mama akatabasamu akajibu kwa Kiingereza chake, "Two weeks." Yule bibi akanitazama. Nilijifanya natafuta miwani.

Alhamisi aliniita kwake. Kitandani palikuwa na begi dogo, la mtu wa wiki mbili kweli: vitenge viwili, sweta, dawa, na zawadi za wajukuu. Akanipeleka nje kwenye kibaraza chake chembamba alikopanda lengalenga, mchicha wa kwao, ndani ya ndoo tatu.

"Papa, utanimwagilia maji," akasema, maana kwao mwanamume wa rika langu huitwa Papa. "Asubuhi na jioni, juu ya hili joto. Nikirudi ikiwa imekauka, nitakuuliza wewe."

Nilishika ukingo wa kibaraza. Nikamwambia, "Mama, kaa kwanza."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Gari la Jumatatu, barua, sherehe ni ya nini hasa. Hakulia wala hakupiga kelele. Alinyoosha mkono kuelekea kabatini.

"Leta ile karatasi."

Nikalileta jarida.

"Soma pale penye maua."

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa inaruka kama ya mtoto anayesomeshwa mbele ya darasa. Nilipomaliza alilichukua jarida, akalikunja mara mbili. Nilidhani anamfikiria mwanawe.

"Miaka mitatu unanisomea," akasema hatimaye. "Uliruka mangapi?"

"Hilo tu, Mama. Wallahi hilo tu."

"Nitajuaje?"

Akasimama, akaushika mlango uliokuwa tayari wazi, akaufungua zaidi. Nikatoka.

Jumamosi jua liliwaka tangu asubuhi. Bustanini waliweka meza ndefu zenye vitambaa vyeupe, sandwichi za matango, stroberi na krimu, na keki kubwa yenye maandishi ya kumtakia heri. Sikujua kama mama atashuka. Sikujua pia kama amezungumza na mwanawe, ambaye alifika mchana na shada la maua, akanipa mkono kwa shukrani kabisa.

Mama alishuka saa tisa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba cha rangi ileile. Akapokea mabusu ya watu, akaketi kwenye kiti walichompambia, hakunigeukia hata mara moja. Meneja akagonga kikombe kwa kijiko, akasema maneno mazuri juu ya jirani yetu mpendwa, watu wakapiga makofi, kadi ikaletwa.

Mama akasimama. Kadi hakuishika.

"Papa," akasema, akaninyooshea kidole. "Kuja hapa. Nitasema, wewe utageuza. Byote. Usiruke ata neno moja."

Nilikwenda kusimama karibu yake. Watu walitabasamu, wakidhani ni shukrani zinakuja.

"Uwaambie: huyu mutu alijua, akanificha."

Nilimtazama. Alingoja. Nikasema kwa Kiingereza, mbele ya majirani wangu wote, kwamba mtu huyu alijua akanificha, na kwa kuwa hawakuelewa ni mtu gani, nikajigusa kifuani.

"Uwaambie: mutoto yangu alinipa karatasi, akasema ni ya safari. Haikuwa ya safari."

Nikageuza. Tabasamu zikaanza kuondoka, moja baada ya nyingine. Mwanawe akasimama, akasema kwa Kiingereza, "Mama, kaa chini, tafadhali, tuzungumze ndani."

"Utasema nikimaliza," akamjibu, bila kupaza sauti. Kisha akaendelea, polepole, akinipa nafasi ya kila sentensi. "Nilitoka kwangu mara tatu. Mara ya kwanza walisema tunaenda siku mbili, vita itapita. Niliacha maharagwe kwenye moto. Mara ya pili, kambini, walisema wiki moja. Mara ya tatu walinipandisha ndege, wakasema kule ni kwa muda. Kila mara nilibeba begi dogo. Sijarudi ata pahali pamoja. Sasa mutoto niliyemubeba mugongoni ananiambia wiki mbili."

Katikati ya maneno hayo nilishindwa. Nilisimama na mdomo wazi, krimu inayeyuka juu ya stroberi. Mama aligusa kiwiko changu, si kwa upole. "Geuza," akasema. Nikageuza mpaka mwisho.

Mwanawe alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Meneja aliweka kikombe mezani kikagonga sahani. Alimwendea mama, akachuchumaa mbele yake, akaniomba nimwambie kwamba hakuna gari litakalokuja Jumatatu, na kwamba barua ile ataishika yeye mpaka wakae waelewane. Nikamwambia. Mama akaitika kwa kichwa. Kisha akasema neno moja zaidi, na hilo nalo nililigeuza: kwamba katika kikao hicho anataka mkalimani mwingine.

Keki ilikatwa, kwa sababu hakuna aliyejua cha kufanya kingine. Nilipewa kipande, nikakiacha juu ya ukuta wa bustani.

Kikao kilifanyika Jumatano, na mkalimani wa kwenye simu. Nilisikia matokeo kama wengine wote: barua imefutwa, chumba ni chake, na jikoni wamemfungia mtambo unaozima jiko lenyewe likiachwa. Mwanawe hakuonekana kwa wiki nne. Siku aliyokuja nilikutana naye kwenye lifti. Nilijiandaa kwa maneno makali. Akaniambia tu kwamba hajui kama anipige au anishukuru, akabonyeza kitufe. Tangu hapo huja kila Jumapili ya pili, na safari moja alimpeleka mama kaskazini kwa siku tano. Alimrudisha siku ya tano, asubuhi.

Mimi na mama tuliamkiana. Alinisalimu vizuri, mbele za watu na tukiwa wawili. Lakini Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane nilikaa chumbani kwangu na jarida mkononi mpaka saa kumi, hakuniita. Nikaja kusikia kwamba kuna dada wa kanisani kwake, naye wa Bukavu, ambaye mama humtumia picha za kurasa kwa simu, naye humsomea.

Safari ya baharini ilikuwa mwisho wa mwezi huo. Nilichelewa kupanda basi, na kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, karibu yake. Nikaomba ruhusa nikaketi. Tulitoka London bila kusema kitu. Nilimtazama dereva anavyokata kona, kwa mazoea, na kila kona nilijipangia sentensi nikaiacha. Tulipofika mahali ambapo nyumba zinaisha na mashamba yanaanza, nikaona nikingoja zaidi sitasema kamwe.

"Mama," nikasema, "nilikukosea. Naomba unisamehe."

Aligeuka, akanitazama vizuri usoni, kama mtu anayehakikisha ni nani anayezungumza naye.

"Nilikusamehe siku ileile, Papa," akasema. "Ulisema byote, na ile mubaya yako. Nilisikia."

Nikapata matumaini. Nikamwambia kwamba basi mwezi ujao, kama anapenda, nitakuja kama zamani.

Akatikisa kichwa, taratibu, bila hasira yoyote.

"Kusamehe, ndiyo," akasema. "Kusoma, hapana."

Kisha akaniuliza kama hawa watu hutoa chakula huko baharini au kila mtu na chake, na nikamjibu kwamba hutoa, samaki na viazi, na tukaendelea kuzungumza hayo mpaka tukafika.