Tundu Kwenye Katoni

Darasa langu la ngumbaru, hapo kanisani Kabati, lilikuwa na akina mama sita, na mimi mwalimu wao nilikuwa na kichwa kikubwa. Miezi mitano tu, na walikuwa wakisoma kitabu cha nyimbo bila kukwama. Nilijisifu mpaka Migwani.

Kisha nikaitwa semina Kitui mjini. Mkufunzi akasema utafiti umeonyesha mtu anaweza kukariri ukadhani anasoma, kwa hivyo tuwapime kwa neno moja moja. Nilikasirika. Hao watafiti wamewahi kukanyaga Kabati? Nikarudi nimwonyeshe kwamba hajui kitu.

Nikatoboa tundu kwenye kipande cha katoni, nikakilaza juu ya wimbo, neno moja tu likachungulia. Nikamwita mwenyekiti wa darasa, mama wa miaka sitini na kitu, aliyepangiwa kusoma neno la Mungu Jumapili ya akina mama, wakaza wana wake wote wakimtazama.

Akaanza kuimba. Kutoka ubeti wa kwanza, taratibu, kidole kikitembea juu ya katoni mpaka kikafika kwenye tundu. Akataja neno, na kweli ndilo. Wa pili naye akaimba. Kufikia wa tatu, darasa zima lilikuwa linamsaidia kwa sauti nne. Nilicheka mpaka nikakaa chini, mimi na majivuno yangu.

Mwenyekiti hakucheka. "Mwalimu," akasema, "na Jumapili nitaimba nini?"

Zilibaki wiki tatu. Nikaitafuta ile karatasi ya semina, nikaipata imefungia njugu. Ilisema mwanafunzi asimulie mambo yake, uyaandike, uyakate vipande vya neno moja moja, uyachanganye, naye ayapange upya. Basi akasimulia jinsi mbuzi wake alivyokula ndengu za jirani. Nikakata, nikachanganya. Mbuzi hakuwa na tuni ya kushikilia, na mama alinitukana kwa Kikamba kila siku, huku akipanga.

Jumapili ikafika. Akasimama, kidole kwenye mstari, akasoma. Akakwama. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akapita. Wakaza wana walitazama sakafu kwa aibu. Mimi nilikuwa karibu kucheza pale kwenye benchi. Wale waimbaji wangu hawakuwahi kukwama hata mara moja.

Baada ya ibada akanijia macho chini. "Nimekuaibisha, mwalimu. Nimekwama mara saba."

"Mwaitu, mama yangu, nimehesabu tisa," nikamwambia, nikamkumbatia mbele ya mchungaji.