Maji ya Mikono ya Inspekta

Vitunguu vikianza kukaangwa katika mafuta ya mawese, mimi huacha ninachokifanya. Watu wengine harufu hiyo huwaita mezani. Mimi hunirudisha darasa la sita, katika shule ya msingi niliyosomea hapa Bunia, kwenye dawati lililokuwa karibu na dirisha lisilo na kioo. Nyuma ya dirisha hilo palikuwa na kibanda cha bati kilichoitwa jikoni, ingawa siku nyingi hakikupikwa kitu humo. Yalikaa majembe, mafagio na madawati yaliyovunjika miguu. Moshi ukitoka huko, sote tulijua shule ina mgeni, na mgeni tuliyemwogopa alikuwa mmoja tu: mkaguzi, au inspekta kama tulivyomwita, mtu wa kukaa nyuma ya darasa na kuwapa walimu alama kama vile wao wanavyotupa sisi. Nimejaribu kuianza kumbukumbu hii kwa namna nyingine, kwa vumbi jekundu la kiangazi, kwa kengele yetu iliyokuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, nikafuta yote. Mimi ni mtu wa kufuta. Lakini kila nikifuta, harufu ile inabaki.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa mama yangu. Nyumbani kwetu, mtaa wa Rwambuzi, alikuwa Mama. Tukivuka tu lango la shule alikuwa Madame Kavira, na ole wangu nikisahau. Tulikuwa tumehamia Bunia kutoka Butembo nikiwa mdogo sana. Baba alifanya biashara ya vitambaa kati ya miji hiyo miwili na mara nyingi alikuwa njiani, kwa hiyo utoto wangu niliuona zaidi nikiwa nyuma ya Mama, nikibeba mfuko wake wa chaki. Aliandika ubaoni polepole, kwa herufi zilizosimama wima kama watu wanaosubiri kuitwa, na kama moja ililegea aliifuta na kuianza upya huku sisi tukingoja. Wazazi waliwahamishia watoto wao shuleni kwetu ili wafundishwe na yeye kabla ya mtihani wa mwisho. Mwaka ule direkta wetu, mkuu wa shule, alitangaza kwamba atastaafu masomo yakimalizika, na kwamba inspekta atakuja kuwapa walimu alama, na atakayepata alama nzuri zaidi ndiye atakayependekezwa kuiongoza shule. Hakuna aliyemtaja Mama kwa jina, lakini wauza mandazi pale nje walianza kumsalimu kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anavyomsalimu mkubwa.

Alichagua kuonyesha somo la mapafu. Kwa siku nyingi sebule yetu iligeuka karakana. Alikata chini ya chupa ya plastiki, akapitisha mrija wa kalamu shingoni mwake, akafunga ndani baluni mbili zilizobaki kwenye arusi ya jirani. Chini alitaka kitu cha kuvutika, na mipira yote tuliyojaribu ilipasuka au ilivujisha hewa, mpaka mama mdogo wangu, ambaye alikuwa muuguzi katika hospitali ya Nyankunde, akatutumia glavu za hospitali. Mama aliunyoosha mpira wa glavu chini ya chupa, akaufunga kwa uzi, akauvuta. Baluni mbili zikajaa hewa polepole, pamoja. Nilipiga makofi. Yeye hakupiga. Alisema upande wa kushoto unachelewa, akafungua uzi wote na kuanza tena. Watu wa ofisini kwangu wakiniuliza nilijifunza wapi kuirudia kazi mpaka niumwe kichwa, ninacheka tu. Nilijifunza pale, nikiwa nimeshika mkasi.

Kisha direkta alikuja darasani kwetu wakati wa mapumziko. Nilikuwa nikifuta ubao, ndiyo sababu nilisikia. Walimu wa kiume wote aliwaita maître, yaani mwalimu. Mama yangu alimwita kwa jina langu.

“Mama Masika,” alisema, kwa Kiswahili chetu cha Bunia ambamo njo ni ndiye au ndiyo, “samaki ya inspekta, weye njo utapika. Hawa bamama wengine watatuletea haya.”

Ilikuwa desturi. Inspekta akija, walimu wa kike waliingia jikoni, na madarasa yao yaliunganishwa chini ya mwalimu mmoja wa kiume. Wenzake wawili, waliofundisha wadogo, walikuwa wamekwisha kuizoea hata hawakusubiri kuambiwa. Mama aliweka chaki chini. Kwa heshima, bila kuinua sauti, aliomba apike alfajiri nyumbani na kukileta chakula kikiwa bado cha moto, kwa sababu yeye pia alikuwa na darasa la kuonyesha. Direkta akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mtoto. Alisema mgeni hawezi kula chakula cha kubebwa, kwamba hakuna anayewajua samaki wa ziwani kama Mama, kwamba asiwe na wasiwasi.

“Saa ya darasa yako ikifika,” alisema, “nitakuita miye mwenyewe.”

Mama alimwamini. Ninaliandika hilo bila kujua kama nimlaumu. Siku yenyewe alivaa kitenge chake cha buluu cha arusini, na juu yake akafunga kitenge kingine kilichochakaa cha jikoni, ili akiitwa avue kimoja tu na kuingia. Samaki walikuwa wameletwa asubuhi ile kwa pikipiki kutoka ziwani, kwa njia ya Bogoro, wamefunikwa majani mabichi kwenye kikapu, na macho yao yalikuwa bado mazuri. Kutoka dawatini kwangu nilimsikia akipuliza makaa ya mbabula, lile jiko dogo la makaa. Nilisikia mafuta yakianza kulia, kisha vitunguu, kisha kikohozi chake. Kifaa chetu cha mapafu kilikuwa juu ya meza ya mbele, kimefunikwa leso nyeupe. Ubaoni yalikuwa maandishi yake, aliyoyaandika kabla ya kengele. Hatukuunganishwa na wengine, kwa kuwa Mama angeitwa; darasa zima lilikaa kimya bila mwalimu, mikono juu ya madawati, kama alivyotuagiza.

Mlango ulipofunguliwa, aliingia maître Innocent. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano, kijana mpole aliyeanzia kazi chini ya uangalizi wa mama yangu na aliyemwita yaya, kama dada yake mkubwa. Darasa lake lilikuwa limekwisha kukaguliwa asubuhi. Nyuma yake aliingia inspekta, kisha direkta, wakaketi nyuma kabisa. Maître Innocent hakututazama usoni. Alichukua maandalio ya Mama kwenye meza, akaondoa ile leso, akaanza kufundisha. Ningependa kuandika kwamba alivuta glavu kwa nguvu ikapasuka. Haikupasuka. Alifundisha vizuri. Baluni zote mbili zilijaa kwa wakati mmoja, ule upande wa kushoto haukuchelewa hata kidogo, na nilimwona inspekta akitikisa kichwa kwa kuridhika na kuandika.

Mwishoni inspekta alisimama, akauliza kama kuna mtoto mwenye swali. Nilinyoosha mkono. Nilisimama, nikasema kwamba mwalimu wetu ni Madame Kavira.

“Na iko wapi?” aliuliza.

“Iko ku jikoni.”

Nilidhani neno hilo likisemwa, kitu kitavunjika. Nilidhani hakujua. Inspekta alitabasamu, tabasamu la mtu mwema, akamgeukia direkta.

“Njo maana tuko nasikia harufu muzuri hivi,” alisema.

Darasa likacheka. Hata msichana niliyekaa naye dawati moja alicheka, akinivuta sketi niketi.

Chakula kiliandaliwa katika ofisi ya direkta, na sisi watoto wa darasa la sita tulipewa kazi ya kubeba viti, kwa hiyo nilikuwa mlangoni alipoingia Mama. Alikuwa bado amefunga kile kitenge kilichochakaa. Mkono mmoja ulishika beseni, mwingine birika la maji ya uvuguvugu, na sabuni ilikuwa kwenye kisahani juu ya kitambaa begani. Alianza kwa inspekta, kama inavyotakiwa, akapiga goti kidogo, akamimina. Maji yalitiririka juu ya vidole vyake, juu ya saa yake, yakaanguka katika beseni.

“Mama,” inspekta alimwambia akijisugua, “darasa yako tumeiona. Iko muzuri sana.”

Mama hakuacha kumimina.

“Shefu,” alisema, “darasa mumeiona. Mwalimu yake hamuyamuona bado. Mutarudia siku gani?”

Maître Innocent aliangalia meza. Inspekta akainua uso, akamtazama mama yangu kuanzia kilemba hadi kitenge cha jikoni, na akacheka polepole.

“Si njo ninamuona hapa?” alisema, akasogeza mikono kwa mara nyingine chini ya maji.

Wote wakacheka, hata direkta, ambaye hakuwa mtu wa kucheka. Nikiwa pale mlangoni nilimwomba Mungu Mama amwage maji. Nilitaka birika zima liingie katika viatu vyeusi vya inspekta vilivyopigwa rangi. Nilitazama mkono wa Mama nikisubiri. Alipita kwa kila mwanaume mezani, goti, maji, goti, maji, na sakafu ya saruji ilibaki kavu.

Tulipokuwa tukirudi Rwambuzi jioni ile nilimwambia nilichokitamani. “Nilitaka umumwangie maji ku viatu,” nilisema. Aliendelea kutembea, vumbi likipanda juu ya kitenge cha buluu ambacho hakuna mtu aliyekiona.

“Na kesho,” alisema, “nani angewafundisha?”

Majibu yalisomwa katika mkutano wa walimu baada ya majuma kadhaa. Mama alitueleza mimi na wadogo zangu akiwa anachambua maharagi, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Maître Innocent alikuwa amepata alama ya juu kabisa, kwa darasa lake na kwa lile lingine. Mama mwenyewe hakupewa alama mbaya. Hakupewa alama. Mbele ya jina lake iliandikwa kwamba siku ya ukaguzi hakuwepo kazini. “Wameandika sikukuwa,” alisema, akatupa jiwe dogo nje ya ungo, na maharagi yakaendelea kulia kati ya vidole vyake. Baba aliporudi safari na kusikia habari, alitaka kumfariji, akasema wakubwa angalau walikula vizuri na wataikumbuka shule. Mama aliondoka akaenda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka. Na kabla mwaka haujaisha maître Innocent alikuja nyumbani na mfuko. Ndani yake kulikuwa na kifaa chetu cha mapafu, kizima, kimefungwa vizuri katika ile leso nyeupe, iliyofuliwa na kupigwa pasi. “Aksanti, yaya,” alisema. “Usinikasirikie. Nilitumwa.” Mama alimpa chai.

Mpaka leo maître Innocent ndiye direkta wa shule ile, na mpaka leo mama yangu anafundisha darasa la sita. Inspekta akitangazwa, hamngoji mtu amwambie. Anafunga kitenge chake kilichochakaa, anawaambia walimu wa kike vijana wabaki madarasani mwao, na anaingia jikoni peke yake, na kikohozi chake sasa kinasikika mpaka barabarani. Mmoja wa vijana hao alipewa alama zake mwenyewe na sasa anaongoza shule huko nje ya mji. Alikuja kumshukuru na kuku. Mimi nilikaa nao nikatabasamu, na ndani nilikuwa na hasira ambayo bado sijui niielekeze kwa nani, kwa sababu mama yangu anakaribia uzee na katika karatasi zao zote hajawahi kuwepo kazini.

Sikufika chuo kikuu. Kompyuta nilijifundisha katika duka la intaneti kwa kuwatazama wengine begani, Kifaransa cha ofisini kwa kamusi iliyochanika, na Kiswahili hiki ninachokiandika kwa redio na vitabu vya kuazima. Ninafanya kazi katika ofisi moja hapa mjini, na ripoti ninazoziandika huzisoma na kuzisoma tena mpaka herufi zinapoteza maana, kwa sababu kwa miaka yote nimeamini kwamba kazi ikiwa safi kabisa, isiyo na kosa hata moja, hakuna atakayethubutu kunitoa chumbani. Juma lililopita tulikuwa na wageni. Ripoti iliyokuwa mezani ilikuwa yangu, kila ukurasa. Mkuu wetu aliwakaribisha, akazungusha macho juu ya wanaume wote walioketi, akayasimamisha kwangu. “Mama,” aliniambia kwa upole, “utusaidie na kahawa.” Pale ofisini kwetu hakuna Madame Kavira wa kwenda jikoni badala yangu. Nilisimama. Nilimimina kikombe baada ya kikombe huku mwenzangu akisoma sentensi zangu kwa sauti, na nilipomaliza, mkoba wa mgeni mmoja ulikuwa umewekwa juu ya kiti changu. Sikuomba uondolewe. Nilibaki nimesimama karibu na ukuta, birika mkononi, mpaka mkutano ulipokwisha.

Jioni nilikwenda Rwambuzi. Mama alikuwa akisahihisha madaftari karibu na dirisha, ili atumie mwanga wa mwisho. Nilimweleza yote, na alinisikiliza bila kuacha kalamu yake nyekundu.

“Ulimwanga kahawa?” aliuliza.

“Hapana, mama.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Alifunga daftari, akachukua jingine kutoka kwenye rundo, akalifungua, akalinyoosha ukurasa kwa kiganja.

“Siku ingine, Masika,” alisema, “umwange.”